Shibiri Moja ya Burnusi

Siku ya mwisho ya mwaka wa wakulima, Ghenima alipeleka kuku wanne kwa jirani wakachinjwe. Mtetea mmoja alikuwa wake mwenyewe. Mtetea mwingine na jogoo walikuwa wa bintiye Malha, aliyekuwa mjamzito, kwa kuwa hakuna ajuaye kama kilichomo tumboni ni cha kike au cha kiume na si haki kukikosesha. Jogoo wa pili alikuwa wa mwanawe Yidir. Watu waliokuwamo nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na Malha, lakini jirani alichinja wote wanne bila kuuliza.

Kijiji kizima kilikuwa kwenye pilika hizo hizo. Wanawake walitoa mafiga ya zamani jikoni wakaweka mapya, walipaka kuta chokaa, walirudisha machungio na vyungu walivyoazima tangu kiangazi, na zaidi ya yote walishusha vitanda vyao vya kufumia. Huko milimani kitambaa kisichokwisha hakivushwi mwaka. Hilo mtoto hulijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Aliyechelewa hufuma mpaka vidole vikavimba, na aliyeshindwa huzifumua nyuzi zote akazikunja, lakini hakuna anayelala na kitanda kimesimama ukutani usiku ambao Yennayer, mzee wa mwezi wa kwanza, anaingia na mwaka wake.

Kitanda cha Ghenima kilikuwa kimesimama. Wardiya, dada wa marehemu mumewe, alikuja mchana na kisu chake kumsaidia kukishusha, akakuta burnusi nyeupe, joho la sufu la wanaume, bado imekaa kwenye nyuzi, kofia na yote, imebakiza upana wa kiganja kilichofunguka.

"Wifi, bado tu?"

"Imebaki shibiri moja."

"Shibiri moja unaimaliza kabla kahawa haijachemka. Mimi nilikuona ukifuma zulia la harusi yangu huku unanyonyesha."

"Sufu imekwisha."

Wardiya akatazama kapu la sufu lililojaa pomoni chini ya kitanda, kisha akamtazama Ghenima.

"Naam," akasema. "Naona."

Akarudisha kisu mfukoni, akaenda kwake kupika.

Burnusi ile ilikuwa ya Yidir. Aliiomba mwenyewe wakati wa kuchuma tini, akasema anataka ya nyumbani, si zile za dukani zinazowasha shingo. Ghenima alimpima mabega kwa mikono yake akatandika nyuzi wiki ile ile. Kabla zeituni hazijaiva, Yidir alimwambia anakwenda pwani kumsaidia rafiki kupaka rangi nyumba, naye akamfungia mkate na tini kavu. Kumbe yeye na vijana wenzake wa vijiji vitatu walipanda mashua moja kuvukia ng'ambo kwa siri. Aliyewapangia safari alikuwa Hamu, mtu wa kijijini humo humo mwenye mdomo wa asali, ambaye kila asubuhi hukaa kwenye mkahawa wa chini, kiti cha dirishani. Simu za vijana wale zilizimika zote siku moja.

Ghenima alikwenda kwa askari kumshtaki Hamu. Askari alikuwa mpole, alimpa kiti. Akamwambia, "Mama, hakuna maiti, hakuna kifo. Hakuna kifo, hakuna kesi." Familia nyingine zilipowasalia vijana wao swala ya ghaibu, ya maiti asiyeonekana, Ghenima hakwenda. Alisema ana mkate jikoni na utaungua. Tangu hapo hakupata usingizi wa kumtosha hata paka, na kitu pekee kilichomtuliza kilikuwa kukaa mbele ya kitanda kile usiku, mikono mapajani, bila kufuma.

Hakuweza kukimaliza kitambaa kile, kwa sababu kikimalizwa hukatwa, na kukata kitambaa si kazi ya mkasi na haraka. Wanaume hutolewa nje. Anayekata hulowesha kitambaa kwanza kwa maji, vile vile anavyotiwa maji mdomoni mtu anayekata roho, kisha hutamka shahada, kisha kisu. Ghenima alikuwa amekata mazulia na mablanketi maisha yake yote na hakuona shida yoyote. Hii hakuweza.

Kwa wengine asiyekuwapo na lake halipo. Kwa watu wa Ghenima, katika chakula cha Yennayer, asiyekuwapo lake lipo na kijiko chake kipo. Aliweka chano cha kuskusi katikati ya mkeka, akachomeka vijiko vitatu vya mti pembeni, cha tatu upande wa dirisha.

"Kijiko chake umekiweka penye nyama nyingi," Malha alisema.

"Yeye ndiye aliye mbali."

"Ningejua, na mimi ningekwenda mbali."

Alisema kwa utani, kisha akasikia alichosema. Wakala. Belaid, mume wa Malha, alikuwa kusini kwenye visima vya mafuta na alikuwa ameahidi kuja mtoto akizaliwa, jambo ambalo wakunga walikuwa wamesema litatokea wiki ile. Walipomaliza, walikifunika chano kwa kitambaa bila kukigusa kijiko cha dirishani, wakalala. Yaani Malha alilala.

Asubuhi Ghenima alipofungua mlango alimkuta Yennayer amekaa kwenye baraza ya mawe. Alikuwa mzee mrefu, burnusi yake imelowa mpaka magotini, barafu imeshika ndevuni.

"Asubuhi njema, mwenye nyumba."

"Njema, mzee. Mbona umekaa nje?"

"Kuna kitanda."

"Ni kweli," Ghenima alikubali. "Kuna kitanda."

Akaingia ndani kumletea kahawa.

Majirani waliopita walimsalimu, wakamshukuru kwa mwaka aliokwisha kuwaingizia usiku, wengine wakamwekea keki ya mayai mapajani. Wardiya alisimama mbele yake mikono kiunoni.

"Wewe si ndiye uliyekopa siku kwa Februari ili umgandishe yule bibi kizee na mbuzi wake, kwa sababu tu alikutania?"

"Mambo ya zamani hayo."

"Na ile siku umeirudisha?"

"Wifi yako ananipa kahawa," Yennayer alisema, "nawe unaniletea kesi."

"Ukae hapo hapo basi. Leo umepata bibi kizee aliyekuweza."

Basi akakaa. Theluji ilianguka juu ya kila paa kijijini isipokuwa paa la Ghenima, ambalo lilibaki kavu, kwa sababu mle ndani ilikuwa bado siku ya mwisho ya mwaka wa jana na siku ile haikuwa na theluji. Kuskusi iliyofunikwa haikupoa. Mkate haukukauka. Redio ya jikoni ilisoma taarifa ya habari ile ile kila ilipowashwa, ikimalizia kwamba bahari imetulia, na Ghenima aliiwasha mara nyingi ili asikie hapo.

Hakuwa mjinga, na hakuwa amerukwa na akili. Wenye kusema hivyo walisema kwa sababu hawakuwa na cha kusema. Alijua anachokifanya. Mtu aliyeondoka mwaka huu anaweza kuingia wakati wowote akadai chakula. Aliyeondoka mwaka jana huulizwa kwa sauti ya chini. Aliyeondoka mwaka juzi haulizwi, watu hubadilisha mazungumzo mama yake anapoingia. Ghenima alikuwa ameyaona hayo kwa wanawake wengine, na alikuwa ameyafanya yeye mwenyewe, kwa huruma, akidhani ni wema. Muuza vitunguu alipopita akamuuliza, "Mama Ghenima, hivi yule kijana wako aliondoka lini?" alimjibu, "Mwaka huu," na moyo wake ulipumua kidogo.

Shida ilikuwa Malha.

Mimba yake ilikuwa imetimia, lakini siku ya kuzaa haikuwa imefika, na katika nyumba ile isingefika. Wardiya alimhamishia kwake, godoro zuri karibu na jiko, ikawa bure. Mtu huingiwa na mwaka pale alipokula chakula cha Yennayer, na akitoka huenda na mwaka wake wa zamani popote. Hospitali ya mjini ilimpima. Daktari alisema mtoto mzima, njia nzuri, arudi kesho. Malha alimweleza kwamba kesho ndiyo hasa anayoikosa, na daktari akaandika kwamba mgonjwa ana uchovu.

Wiki zikapita huko nje. Februari alipanda njia ya kijiji akamkuta Yennayer bado barazani, wakasalimiana kwa ubaridi, akapita na shughuli zake. Milozi ikachanua mabondeni. Miguu ya Malha ilivimba mpaka viatu vya marehemu baba yake vikawa vidogo. Hakuweza kulala ubavu wowote. Belaid alipiga simu kila jioni kuuliza kama tayari, naye akawa anampa simu mama yake.

Jioni moja alikuwa amekaa kwenye godoro, mto mgongoni, mama yake akimkanda nyayo kwa mafuta ya zeituni.

"Mama."

"Naam, binti yangu."

"Nimechoka kuwa jana."

Ghenima aliendelea kukanda.

"Yidir ni ndugu yangu," Malha akasema. "Mimi ndiye niliyembeba mgongoni wewe ukiwa shambani. Sikuambii umsahau. Lakini huyu naye yuko humu ndani ananipiga mateke, na hana mwingine wa kumfungulia mlango isipokuwa wewe."

 Ghenima alimfunika miguu, akaenda kukaa mbele ya burnusi. Usiku ule, kwa kitambo, alimchukia mjukuu wake. Alimwona kama mtu anayesukuma mwingine ili apate nafasi ya kupita. Kisha aliona aibu, akarudi kumtazama Malha, aliyekuwa amelala akiwa ameketi, mdomo wazi, uso umemvimba, na akampenda mpaka kifua kikamuuma. Mambo hayo mawili hayakuondoana. Yalikaa pamoja mpaka alfajiri.

Asubuhi alipika kahawa, akachukua na kipande cha ule mkate usiokauka, akatoka. Kwa mara ya kwanza alikaa barazani pamoja na Yennayer.

"Mzee, wewe unaingia kila mahali?"

"Kila alipo mtu."

"Magerezani?"

"Huko naingia mapema. Ndio wanaonisubiri kuliko wote."

"Na wanaolala chini ya madaraja, ng'ambo huko?"

"Hata wao. Asiye na mlango naingia kwenye koti lake."

"Na melini?"

"Na melini."

Ghenima alizungusha kikombe chake. "Na waliolazwa hospitali za watu, hawajitambui, hawajui hata majina yao?"

"Hao ni wepesi. Hawaniulizi maswali."

Alikuwa amemaliza mahali pote alipokuwa amemweka Yidir kwa miezi yote ile. Hakuwa na pengine pa kumweka.

"Sasa umebakiza nyumba ngapi?"

Yennayer alitazama ndani ya kikombe. "Mama, kahawa yako ni nzuri sana. Usiniulize."

"Nimekwisha kukuuliza."

"Hii tu," akasema. "Walio hai wote nimewafikia. Wamebaki wawili na huyo wa tumboni, na wote wako nyuma ya mlango huu."

Jogoo aliwika nyumba ya pili. Mtu alikuwa akipasua kuni.

"Na kwa Yidir wangu, uliingia?"

"Nilimtafuta. Sikumkuta."

"Ulitafuta vizuri?"

"Nilikwenda mpaka baharini kwenyewe. Bahari si nyumba, mama. Haina hata pa kubisha hodi."

 Kahawa ya Ghenima iliganda juu, maana huko nje ilikuwa baridi.

"Na Hamu?"

"Hamu nilimkuta. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti cha dirishani." Yennayer alipangusa ndevu. "Kazi yangu ni kuingia kwa aliye hai. Sina kazi nyingine."

Ghenima alichukua vikombe vyote viwili, akaviosha, akavipanga. Kisha akavuta kapu la sufu kutoka chini ya kitanda.

Wardiya alisikia mlio wa kitana cha chuma kikigongea nyuzi akiwa kwake, akaja mbio na unga bado mikononi. Alisimama mlangoni akitazama.

"Sufu umeipata wapi?"

"Ilikuwa chini ya kitanda."

"Haya," Wardiya alisema, akakaa chini kumpa nyuzi.

Shibiri moja, kazi ya kabla kahawa haijachemka, ilimchukua mchana kutwa. Alifuma polepole na vizuri, uzi kwa uzi, hakuacha hata mmoja umelegea, maana kama kuna kazi ambayo asingeifanya ovyo ilikuwa ile. Alikumbuka alivyompima mabega, naye Yidir akijikunja kwa kutekenywa, kijana mzima mwenye ndevu. Alikumbuka mkate na tini, na kwamba aliona amevaa viatu vyake vizuri kwa kazi ya rangi, akanyamaza. Malha alikuwa amelala kwenye godoro nyuma yao, anawatazama.

Uzi wa mwisho ulipokaa mahali pake, Yennayer alikohoa huko nje, akainuka barazani, akaenda mpaka mwisho wa njia na kugeukia ukuta. Ni mwanamume, na adabu ni adabu.

Wardiya alileta bakuli la maji. Ghenima alichovya vidole, akalowesha burnusi, kofia kwanza, pale ambapo uso ungekaa. Mkono ukasimama hapo.

"Nikukatie?" Wardiya aliuliza.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wifi. Nipe kisu."

Alitamka shahada, pole pole, kwa niaba ya mtu ambaye pengine hakupata muda wa kuitamka. Akakata. Burnusi ikamwangukia mapajani, nzito kuliko sufu iliyotumika. Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, kilio kile kinachosikika nyumba ya saba, na wanawake wa kijiji walipokisikia walielewa kwamba sasa wanaruhusiwa kuja kumpa pole. Walikuwa wamengoja tangu zeituni za mwaka jana. Walianza kufunga kahawa na sukari kwenye vitambaa.

Yennayer alivua viatu mlangoni akaingia.

Siku zote zilizokuwa zimesubiri ziliingia naye. Mkate ulikauka ukapasuka. Kuskusi ilichacha ndani ya chano. Theluji ya majira mazima ilianguka juu ya paa lile peke yake alasiri ile, huku milozi imechanua pande zote, na watoto wakaja na masinia kuteleza. Redio ilitoa habari mpya, ambazo hakuna aliyezisikiliza, kwa sababu Malha alikuwa ameshika nguzo ya kitanda kitupu anapiga kelele.

Mtoto alizaliwa kabla maji ya kumwogeshea hayajapata moto. Alikuwa wa kike, mkubwa, mwenye nywele ndefu na kucha zilizohitaji kukatwa, kama mtu aliyekawia safarini. Malha akamwita Tafsut, yaani machipuko, kwa ajili ya maua ya milozi. Ghenima alimpokea mikononi, bado machozi yanamtiririka, na wanawake walioingia na kahawa ya msiba walimkuta amekishika kitoto chenye damu na burnusi iko begani kwake. Wakasimama. Hawakujua waseme pole au waseme hongera. Mwishowe wakasema vyote viwili, kila mmoja kwa zamu, na Ghenima aliwajibu vyote viwili.

Yennayer alikuwa amechelewa sana, lakini mgeni wa mwaka haondoki bila kuonja. Wardiya alipika kuskusi nyingine upesi, akatafuta kijiko. Kilichokuwa karibu kilikuwa kile cha upande wa dirisha. Mkono wake ulikwenda, Ghenima akaona, akainuka na mtoto mkononi, akaosha kijiko chake mwenyewe na kumpa mgeni. Yennayer alikula vijiko vichache, akasema Mungu awazidishie, akavaa viatu vyake vilivyolowa akashuka bondeni.

Siku za Yennayer ni siku za kupumzika. Hufagii, usije ukafagia heri. Husokoti, hufumi, huazimishi moto. Katika nyumba ya Ghenima siku hizo zilifika wakati wenzao wote wamekwisha kurudi mashambani, lakini zilifuatwa vile vile. Ufagio ulikaa pembeni. Wardiya alipika kwake akaleta. Ghenima aliitundika burnusi kwenye msumari karibu na mlango, akajilaza kando ya Malha na mtoto, akalala. Alilala jioni ile na usiku wote na kutwa ya pili, na mtoto alipolia hakuamka, na Malha akamwacha. Alilala akilia, kisha akalala tu.

Alipoamka sakafu ya mlangoni ilikuwa imelowa. Burnusi ilikuwa ikichuruzika maji kutoka kofiani mpaka pindoni, na kipande cha mwani kimenasa kwenye mshono wa bega. Ghenima aliikamua ndani ya beseni, akaonja kidole.

"Chumvi," alimwambia Wardiya.

"Ya bahari?"

"Wifi, mimi nimezaliwa mlimani. Chumvi."

Wakaianika juani ikakauka. Kesho yake asubuhi ilikuwa imelowa tena, na kesho kutwa pia. Wakaweka beseni chini yake liwe hapo daima, kwa sababu sakafu ilikuwa imeanza kuoza. Belaid alipofika kutoka kusini kumwona bintiye, aliteleza kwenye maji yale, akauliza ni nini, Malha akamwambia ni Yidir. Belaid akachukua kitambaa akapangusa.

Ghenima alikwenda tena kwa askari, safari hii na chupa ya maji yale. Askari alikuja nyumbani mwenyewe, akaitazama burnusi ikidondoka, akachovya kidole akaonja, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Ni ya bahari, sikatai."

"Basi?"

"Mama, maji si maiti. Hakuna maiti, hakuna kifo. Hakuna kifo, hakuna kesi."

Akambusu mtoto kwenye paji la uso, akaondoka. Alikuwa mtu mwema, na walimfungashia mayai.

Ghenima hakuweza kumwaga maji yale uani, maana alijua yametoka wapi, wala hakuweza kuyaweka, maana mabeseni yalikuwa yakijaa. Mwishowe alichukua zeituni za kijani alizozichuma mwenyewe miezi ile ya kusubiri, akaziloweka humo. Zilikolea vizuri kuliko miaka yote. Mitungi ikawa mingi kupita nyumba moja, Wardiya akawagawia majirani, na jirani mmoja akaupeleka wake kwenye mkahawa wa chini, ambao mwenyewe ni mjomba wake. Zililetwa mezani pamoja na kahawa. Hamu, kwenye kiti cha dirishani, alikula moja, akala nyingine, akatoa mbegu mdomoni akaiweka pembeni ya kisahani. Alisema hajapata kuonja zeituni zenye chumvi ya kadiri namna ile. Kisha akageuka kuendelea na mazungumzo na vijana wawili wa kijiji cha pili, kwa kuwa majira yalikuwa yamebadilika na bahari ilikuwa imetulia.

Arobaini ya mtoto ilipotimia, wakwe wa Malha walipanda mlima kuja kumchukua mzazi na bintiye. Walikula, walisifu nywele za mtoto, na mama mkwe, mwanamke mwenye heshima zake asiyejua mengi ya nyumba ile, alisimama mlangoni akitafuta shali yake, akaiona burnusi.

"Kazi ya mkono hii. Ya nani?"

"Ya mwanangu. Yidir."

"Ah." Yule mama akapunguza sauti. "Aliondoka lini?"

Malha, mtoto begani, alimtazama mama yake. Wardiya aliacha kufunga vyombo.

"Mwaka jana," Ghenima alisema, akainama, akasogeza beseni lililojaa, akaweka jingine.